Stelingi ana nguvu zote, mbona gemu linaboa?

Ukurasa wa gemu safari hii nimeuachia mada moja, maana barua za masuperhiro zimekuwa nyingi na zinalia kilio kinachofanana. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi niko Mabatini hapahapa Mwanza, mwaka huu namaliza form four. Nimejibana hela ya chai mwezi mzima nikanunua diski ya mtumba ya Marvel's Avengers kwa sababu moja tu, nilikuwa nataka kuwa Hulk, lile jitu la kijani lenye nguvu za ajabu. Sasa nimecheza siku tatu, Hulk anapiga roboti ngumi kumi na kitu ndo life. Hulk! Mdogo wangu kashika pedi dakika ishirini karudi zake kwenye mpira. Lakini banda la gemu la jirani lina Spider-Man na pale watu tunagombania zamu mpaka tunakaribia kupigana. Tatizo ni mimi sijui kulicheza au haya magemu ndo yalivyo?
Msomaji, Mabatini

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hela yako ya chai. Tatizo sio wewe. Wewe umeshika kitu ambacho watu wengi wanaolipwa kutengeneza magemu hawajakishika mpaka leo, ulitaka kuwa Hulk, wao wakakupa ngozi ya Hulk ukaivaa juu ya kazi ambayo hata mtu wa kawaida mwenye rungu angeifanya.

Ngoja nikuelezee nilichokiona Jumamosi. Nilipita banda moja Igoma, bati juu, viti ni makreti ya soda yamegeuzwa, tivi mbili za mpira na moja pembeni ndo ya Spider-Man lile la 2018 la studio ya Insomniac. Kuna dogo wa kama miaka kumi katoa jero yake, kakaa, na katika muda wake wote hajafanya hata misheni moja. Hata moja. Amepanda ghorofa refu, akajirusha kichwa chini, kidole kiko juu ya R2, kitufe cha kurusha utando, lakini hakibonyezi, anasubiri, wenzake nyuma wanapiga kelele "vuta! vuta!", yeye anasubiri mpaka magari ya chini yanaonekana vizuri kabisa ndo anabonyeza, utando unanasa kwenye kona ya jengo na Spider-Man anapita karibu na lami kama mbayuwayu, na dogo mwenyewe kwenye kreti kainama bega la kushoto mpaka anakaribia kuanguka. Akarudia. Akarudia tena. Nikamuuliza mwenye banda, akaniambia huyo kila Jumamosi ndo anachofanya na hajawahi kulalamika kwamba hela yake imeisha bure.

Hapo ndo pana jibu lako lote. Gemu la stelingi linasimama au linaanguka kwenye ile nguvu moja iliyokufanya umpende stelingi mwenyewe, ukiishika mikononi unaisikia au huisikii? Kama kwenda kutoka hapa hadi pale peke yake ni raha, hata misheni zikiwa za kawaida utasamehe. Kama sio raha, weka hadithi nzuri, weka grafiksi za kutisha, mtu atarudi kwenye mpira.

Na hiyo raha ya utando haikuja kwa bahati. Kwenye Spider-Man la mwaka 2000 lile la PlayStation ya kwanza, utando ulikuwa unanasa hewani tu, unaning'inia kwenye mawingu, na chini wakajaza ukungu ili usione kwamba barabara hazipo. Mwaka 2004 studio ya Treyarch wakatoa Spider-Man 2, ukaona utofauti: utando lazima unase kwenye jengo la kweli. Hapana jengo, hapana kuning'inia. Wengine wangesema mmempunguzia stelingi nguvu, lakini ule upungufu ndo uliofanya nguvu iwe tamu, maana sasa macho yako yanatafuta jengo linalofuata kabla hujaliachia hili, na ukifika sehemu ya miti au ya maji unajikuta umekuwa mnyonge ghafla na unautamani mji.

Sasa mrudie Hulk wako. Hilo Avengers lilitoka Septemba 2020, kina Crystal Dynamics ndo walilitengeneza na Square Enix wakalisambaza, na lilijengwa ili ulicheze miaka na miaka, kila wiki urudi, kila wiki uokote vifaa vyenye namba. Mkanda una namba, mbavu za Hulk zina namba, namba yako ikiwa ndogo kuliko ya roboti basi roboti halifi. Umeona walipojichanganya? Ili uendelee kuokota lazima adui awe mgumu, adui akiwa mgumu Hulk anakuwa mlegevu, na ukimlegeza Hulk huna tena Hulk. Afu vyenyewe unavyookota hata kwenye mwili havionekani, na nguo zinazoonekana ndo ziliuzwa kwa hela ya kweli. Vyumba vya maabara vinajirudia, maroboti yanajirudia. Miaka mitatu baadaye, mwisho wa Septemba 2023, likaondolewa sokoni na msaada wote ukakatwa.

Linganisha na Hulk: Ultimate Destruction la 2005, enzi za PS2. Pale Hulk anakimbia anapanda ukuta wa ghorofa na simenti inabomoka chini ya miguu, anachukua gari analipasua katikati anavaa vipande viwili mikononi kama glovu za bondia. Grafiksi za zamani kabisa, lakini ukilicheza dakika tano huulizi huyu ni nani.

Hela yako lakini haijapotea yote. Cheza ile hadithi ya mtu mmoja, ya yule binti Kamala Khan, ni nzuri kweli na ina roho, na kabla hawajaondoka walifungua nguo zote za dukani bure kwa kila mwenye gemu. Ukiimaliza hadithi, diski iuze au badilishana na mtu, huko kwingine usijisumbue. Na ukipata hela nyingine tafuta Batman: Arkham Asylum la 2009. Ni la zamani, linapatikana kwa bei ya chini, na ndo lililonifundisha mimi haya ninayokuandikia.

Kwanini Arkham? Kwa sababu Rocksteady, waliolitengeneza, walijiuliza Batman ni nani wakajibu ni mtu, anapigika, risasi zinamuua. Kwenye ngumi wana kitufe kimoja cha kupiga na kimoja cha kuzuia, ukizuia kwa wakati wake mapigo yanaungana kama ngoma, hata mtu aliyeshika pedi leo anaonekana fundi. Lakini weka watu wenye bunduki chumbani uone, ukitokea mbele yao sekunde chache umekwisha. Kwahiyo unakaa juu kwenye masanamu, gizani, unamchukua mmoja kimyakimya, wenzake wanamkuta ananing'inia, wanaanza kuitana kwa sauti inayotetemeka, na ukiwasha ile miwani yake unaona kabisa mapigo ya moyo yao yanapanda. Wewe ndo uliyewatisha. Hiyo ndo kuwa Batman, na imetokana na udhaifu wake.

Uchungu wangu ni kwamba ni haohao Rocksteady, baada ya Arkham Knight la 2015 wakakaa karibu miaka tisa bila gemu jingine kubwa, wakaja na Suicide Squad: Kill the Justice League Februari 2024. Wahusika wanne. Mmoja ni papa anayetembea, jamani, papa! Unategemea ang'ate, avunje, aruke na kutua mtu asimame. Anapewa bunduki. Harley bunduki, Boomerang bunduki, wote wanapiga risasi kwenye vidonda vya zambarau juu ya mapaa, tena na tena, uokote silaha yenye namba kubwa zaidi. Warner, kampuni mama yao, wenyewe walitangaza kwamba limewatia hasara ya kama dola milioni 200. Mimi sikufurahia hata kidogo kuona watu wenye mikono ile wanapewa kazi ile, ni kama umchukue fundi mitumbwi wa Igombe anayejua kila ubao unakaa wapi umwambie kuanzia leo wewe ni wa kukatisha tiketi.

Zamani kidogo ugonjwa ulikuwa mwingine, tarehe ya filamu. Filamu inatoka Mei, gemu litoke Mei, liwe limeiva au halijaiva, ndo maana Iron Man la 2008 filamu ilivuma na gemu lake watu wakalitupa kule. Japokuwa hata humo kuna waliojitahidi: X-Men Origins: Wolverine la 2009 lilitoka na filamu pia, lakini ukipigwa risasi unaona nyama imechanika mgongoni, mbavu zinaonekana, ukijificha unaiona nyama inajifunga taratibu mbele ya macho yako. Mtu aliyetengeneza lile alijua Wolverine ni nani.

SWALI: Kaka mambo. Niko Kirumba. Tunabishana kijiweni, wenzangu wanasema Superman hawezi kutengenezewa gemu zuri hata aje nani, kwa sababu hafi, anaruka, ana nguvu kuliko wote, sasa utacheza nini? Mimi nawabishia lakini nakosa hoja.
Msomaji, Kirumba

JIBU: Poa mdogo wangu. Wenzako wana ushahidi, tusiwanyime. Superman la Nintendo 64 la mwaka 1999 hadi leo linatajwa kwenye magemu mabaya kuliko yote, unaruka kupita kwenye mapete angani kwa kuhesabiwa muda, na ukungu kila mahali. Mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani anafanya mtihani wa leseni ya udereva.

Ila kuna gemu moja liliikaribia dawa kabisa likaiangusha mlangoni. Superman Returns la 2006, la kampuni ya EA. Wale walisema sawa, Superman hafi, basi mstari wa uhai sio wake, ni wa mji. Ukipigana ovyo ukarusha adui kwenye majengo, mji ndo unaumia, mji ukiisha umeshindwa. Ni wazo zuri mno! Kilichowaangusha ni mji wenyewe, mtupu, hauna mtu unayemjali, vita vinajirudia, na adui wa mwisho unajua ni nani? Kimbunga.

Hoja yako kijiweni iwe hii. Superman hana shida ya kufa, ana shida ya kuwa mmoja. Wahamishie hapa Mwanza watakuelewa. Ni saa moja jioni, mvua kubwa, umesimama juu ya Jiwe la Bismarck. Masikio yako yanasikia kila kitu. Upande wa ziwani mitumbwi ya dagaa imeshatoka na taa zake na upepo umegeuka, unaona taa tatu zinapotea moja moja. Upande wa Mabatini mlima umelowa na jiwe limeanza kusogea juu ya nyumba za watu. Unaweza kufika popote kwa sekunde mbili, lakini sehemu zote mbili kwa pamoja huwezi, na ukienda kwa kasi yako yote wimbi unaloliacha nyuma linapindua mtumbwi wa nne. Uende wapi? Na ukifika, jiwe ulishike vipi bila kulipasua likawaangukia vipande vipande? Hapo hafi na bado jasho linakutoka. Na kesho yake gemu likupitishe palepale, uwaone uliowafikia na nyumba za ambao hukuwafikia, bila kukuandikia alama yoyote.

SWALI: Mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mama, nafanya biashara ya samaki, nakaa Nyegezi. Nina watoto wawili wa kiume, miaka tisa na kumi na mmoja, baba yao mdogo kawaletea PlayStation 4. Sasa kila siku ni "mama tununulie la masuperhiro" na jingine wanataka hela ya kununua nguo ndani ya gemu, hiyo ndo sijaielewa kabisa. Ninunue lipi lisilonipotezea hela?
Mama, Nyegezi

JIBU: Salama mama, shikamoo. Kwa umri wao nunua LEGO Marvel Super Heroes. Ni la 2013, vijana wawili wanacheza pamoja kwenye tivi moja bila intaneti, halina damu, na mashujaa wamejaa humo hadi watachoka wenyewe, na kila mmoja ana kazi yake: huyu ndo anayevunja ukuta, huyu anaruka, kwahiyo wanalazimika kusaidiana. Suicide Squad achana nalo, ni la watu wazima. Spider-Man ni zuri kweli ila lisubiri wakue kidogo, au kaa nao wakicheza.

Hiyo ya nguo, mama, ni kwamba gemu umeshalinunua afu ndani kuna duka jingine, anauziwa muonekano, haongezi chochote kwenye uchezaji. Usiunganishe namba yako ya simu wala kadi kwenye akaunti yao, basi. Na kabla hujatoa hela dukani muulize muuzaji swali moja: hili linachezeka bila intaneti? Akianza kuzungukazunguka rudisha hela yako mfukoni, maana bando la kupakua maapdeti litakula faida ya sato wiki nzima, na magemu ya kutegemea intaneti siku kampuni ikizima mitambo yake umebaki na diski ya kuwekea kikombe.

SWALI: Habari kaka. Natokea Ukerewe, niko Mwanza nasoma chuo mambo ya kompyuta. Nataka kutengeneza gemu la superhiro wa kwetu, wa ziwani. Nimeshaandika nguvu zake kumi na tisa, hadithi ya vitabu vitatu na ramani ya kanda yote ya ziwa. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Mdogo wangu barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, kwahiyo nivumilie nikikukatia matawi. Futa nguvu kumi na nane.

Simaanishi ni mbaya. Namaanisha uchague ile moja ambayo ukifumba macho unaiona inavyokwenda, uishughulikie mpaka yule mtoto wa banda la Igoma aitolee jero yake bila misheni yoyote. Nguvu zako zile nimezisoma, ya saba, ya kutembea juu ya maji ilimradi hujasimama, hiyo. Hiyo tayari ni gemu. Ukisimama unazama, kwahiyo kila uamuzi unaufanya ukiwa unakimbia, mawimbi yanakupandisha na kukushusha, magugu maji yanakunasa miguu, mtumbwi ni mahali pa kupumzikia, mawe yanayotokeza majini ni mahali pa kurukia. Wewe umekulia kisiwani, unajua asubuhi ziwa linakuwaje na mchana upepo ukija linabadilika vipi. Mtu wa studio kubwa ya Marekani au Uingereza hawezi kujua hilo hata umlipe, wewe umelijua kabla hujajua kusoma.

Ramani ya kanda nzima iweke kabatini. Chukua kipande, tuseme kutoka Kamanga hadi Kisiwa cha Saa Nane, ujaze vizuri. Arkham Asylum ni kisiwa kimoja tu chenye majengo machache na watu wanakikumbuka kila korido, wakati miji mikubwa kumi ya magemu mengine hawakumbuki hata mtaa mmoja.

Na usiseme Waafrika hatujafika huko. Kiro'o Games wa Cameroon walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, shujaa mwenye nguvu zinazotoka kwa mababu, wametengeneza wenyewe wakauza dunia nzima kwa kompyuta. Watafute usome walivyohangaika, utapata moyo na utapata tahadhari.

Vifaa: pakua Godot, programu ya kutengenezea magemu, ni bure, haina leseni ya kulipia na inaenda hata kwenye laptop ya kawaida ya chuo. Mwezi wa kwanza usichore mtu. Weka boksi la kijivu juu ya bluu, lifanye likimbie, lisimame, lizame, ubadilishe kasi mara mia mpaka kidole chako kisitake kutoka kwenye kitufe. Afu mpe mtu asiyekujua, usimwelekeze chochote, mwangalie mabega yake, sio skrini. Akianza kuinama na boksi upande linakoelekea, ndo umchore huyo stelingi wako na umpe jina. Likifika hapo nitumie, hata likiwa bado boksi, nitalipeleka Igoma Jumamosi niliweke kwenye ile tivi ya pembeni.